Mafunzo ya Ujasiriamali katika Vyuo vya Uingereza: Soma Kabla Jina Lako Halijaandikwa Kuwa Mkurugenzi

Ndugu zangu mnaosoma Uingereza, na ninyi mnaojiandaa kuja, programu za vyuo zinazolea kampuni changa zina faida kubwa, nami sina nia ya kumkatisha mtu tamaa. Nilijiunga na mojawapo nikisoma shahada ya uzamili, pamoja na wenzangu watatu wa mataifa tofauti, na niliyofundishwa humo kuhusu wateja, hesabu za gharama na namna ya kuzungumza na wawekezaji ninayatumia hadi leo. Kujiunga hakuna ugumu: mnajaza fomu, mnahojiwa na jopo, mnapewa mshauri wa kuwalea.

Katika wiki ya sita mshauri wetu alitueleza kwamba wawekezaji huwachukulia kwa uzito zaidi watu wenye kampuni iliyosajiliwa. Usiku huohuo tuliisajili kwa mtandao kwenye Companies House, ofisi ya Uingereza inayosajili makampuni, na kesho yake cheti kilikuwa kimefika kwa barua pepe. Mimi niliandikwa mkurugenzi mwenye asilimia 40 ya hisa. Baada ya wiki chache tukaanza kuuza. Nilikuwa na viza ya mwanafunzi.

Nyumbani tumezoea kwamba ofisi moja ikikukubali, nyingine zote zimekwisha kukujua. Tanzania, BRELA wanaosajili kampuni wanaanza na namba ya kitambulisho ya NIDA na namba ya mlipakodi, TIN, na Kenya, kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen huendi mbali bila PIN ya mamlaka ya kodi, KRA, kwa hiyo usajili ukipita mtu hupumua. Uingereza mambo hayaendi hivyo. Companies House hawakuniuliza viza hata mara moja, kwa sababu sheria ya makampuni inamruhusu hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga Uingereza kuwa mkurugenzi wa kampuni ya hapa. Anayejali viza ni Wizara ya Mambo ya Ndani, na masharti yake kwa mwanafunzi yako wazi: usijiajiri, usifanye biashara. Miongozo yake inataja kwa jina mambo yaliyoniangusha, yaani kushika wadhifa wa kisheria kama ukurugenzi katika kampuni unayoifanyia kazi, na kuajiriwa na kampuni ambayo unamiliki asilimia 10 au zaidi ya hisa zake. Zile saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula ni za kuajiriwa. Hazigeuki kuwa ruhusa ya biashara hata ukifanya saa mbili tu. Narudia kwa sababu wenzangu wengi hulichanganya hili: cheti cha kampuni si ruhusa ya viza. Daftari la wakurugenzi nalo liko wazi mtandaoni, likiwa na jina lako na tarehe uliyoteuliwa, na ukijiuzulu tarehe ile inabaki.

Je, mshauri hakujua? Nilimlaumu kwa muda mrefu. Baadaye nilielewa kwamba sheria ya mwaka 1999 kuhusu uhamiaji na hifadhi inamzuia mtu asiyeidhinishwa kwa kazi hiyo kutoa ushauri wa viza, hivyo yeye alikaa ndani ya mpaka wake. Hili linanikera katika jamii hii ya Waingereza ambayo kwa mengine ninaiheshimu: kila mmoja anakijua kipande chake, anakilinda kwa adabu kubwa, na anaweza kukutazama ukielekea shimoni huku akikupongeza kwa mwendo mzuri. Kwetu mpita njia angekupigia kelele. Kwa hiyo mshauri akinyamaza kuhusu viza, usidhani amekuruhusu.

Niligundua kosa miezi minne baadaye, nilipokwenda ofisi ya viza ya chuo kuuliza habari nyingine kabisa na kuitaja kampuni yangu kwa fahari. Nilijiuzulu wiki hiyohiyo, nikamwachia hisa mwenzetu mwenye uraia wa Uingereza, nikamlipa mwanasheria anisaidie kuandika maelezo. Wengine hawakuwa na bahati hiyo, kwa maana kuvunja sharti la viza kunaweza kuifuta, na chuo kina wajibu wa kutoa taarifa.

Pigo la pili lilikuja nilipotaka viza ya Innovator Founder, ya waanzilishi wa biashara bunifu, iliyoanza Aprili 2023 na kuondoa sharti la zamani la kuwa na pauni 50,000. Viza hii inahitaji idhini ya taasisi iliyoteuliwa na serikali, ambayo hutoza pauni 1,000 kulipima wazo: liwe jipya, la kibunifu, lenye uwezo wa kudumu na kukua. Mkiwa timu, kila mmoja anahitaji idhini yake. Taasisi niliyoiendea ilinijibu kwamba biashara iliyokwisha kuanza kuuza haihesabiki kuwa mpya.

Mkiwa bado masomoni, andikeni mpango wa biashara, wahojini wateja watarajiwa, jengeni sampuli, lakini msiuze, na jina la mwenye viza ya mwanafunzi lisiingie kwenye ukurugenzi. Ukihitimu, viza ya Graduate inaruhusu kujiajiri. Hudumu miaka miwili, au mitatu kwa wenye shahada ya uzamivu, na kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 ile miaka miwili itakuwa miezi 18. Kabla ya hatua yoyote yenye neno kampuni, iandikie ofisi ya viza ya chuo na uyatunze majibu yao ya maandishi.

Nanyi wazazi, wajomba na mashangazi, tunawapenda, ila punguzeni kuuliza kampuni imefika wapi, na msiombe kuandikwa wanahisa ili mwonekane na kitu Ulaya. Swali lenu lilinisukuma kusajili haraka kuliko mshauri yeyote. Mjomba wangu alikichapisha kile cheti na kukitia kwenye fremu sebuleni, na mpaka leo sijapata namna ya kumwambia kwamba kampuni ile si yangu tena.