Somo: Kutumia Bodoni na ndugu zake kwenye kadi ya harusi

Habari zenu wakuu. Leo tunashughulika na fonti zile za kifahari za majalada ya Vogue na Harper's Bazaar: mistari ya wima minene, ya kulala myembamba kama unywele. Zilianza mwishoni mwa karne ya 18, kwa Firmin Didot jijini Paris na Giambattista Bodoni huko Parma. Wakati huo karatasi zilikuwa laini zaidi na wino umeboreka, ndiyo maana wembamba ule ukachapika. Mpaka leo karatasi ndiyo inayoamua, si kioo cha kompyuta yako.

Hatua ya 1. Pakua Bodoni Moda au Playfair Display kutoka Google Fonts. Zote ni za bure.

Hatua ya 2. Chagua maneno machache ya kuvalisha fonti hizi. Majina ya maharusi, basi. Ukumbi, saa na namba za simu za kamati ziandike kwa fonti isiyo na vikia (vile vimkia vya kwenye ncha za herufi), mfano Lato. Kadi nyingi huharibikia hapa: kila mstari unataka kuwa bibi harusi.

Hatua ya 3. Linganisha mkato, yaani umbo la fonti lililochorwa kwa ukubwa fulani, na ukubwa wa maandishi yako. Bodoni Moda ina kipimo cha ndani cha mkato (optical size) kinachoanzia pointi 6 hadi 96. Kikipanda, mistari myembamba inazidi kukonda. Majina yakiwa ya pointi 40, weka kipimo hicho 40. Ukichora kwa mkato wa 96 halafu ukayapunguza yaingie kwenye kadi, mistari itakatika na "e" itasomeka "c".

Hatua ya 4. Rekebisha nafasi kati ya herufi. Herufi kubwa tupu zipe pumzi kidogo. Herufi ndogo zenye ukubwa wa kichwa zisogeze karibu. Kagua kwa jicho jozi kama "Wa", "Ya" na "Ta", maana majina yetu yamejaa hizo.

Hatua ya 5. Tumia wino mmoja uliokolea. Rangi ya kuchanganya wino kadhaa ikihama kidogo tu mashineni, mstari mwembamba unapata kivuli.

Hatua ya 6. Chapa sampuli kwa ukubwa halisi, juu ya karatasi ileile ya kazi. Karatasi yenye uso wa kukwaruza, hata iwe ghali, hainifurahishi kwa fonti hizi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mteja anataka majina meupe juu ya maruni. Inawezekana?*
Inawezekana, ila wino wa pembeni hutanuka na kumeza mistari. Chagua mkato wa namba ndogo, au uzito (unene wa herufi) wa juu zaidi, na umuulize mchapaji wako unene wa chini anaoukubali.

*Playfair na Bodoni, ipi kwa anayeanza?*
Playfair. Tofauti ya unene wake si kali kama ya Bodoni na herufi zake ndogo zina kimo kirefu, hivyo inasamehe. Ila isiandikie kadi nzima.

*Fundi, jina la ukoo lina ng' na ile alama inasimama wima, inachukiza. Nifanyeje?*
Hiyo ni alama ya mashine ya taipu. Weka ’ iliyopinda: kwenye Windows shikilia Alt uandike 0146 kwa vitufe vya namba vya pembeni, kwenye Mac bonyeza Option, Shift na ]. Kwenye simu, bonyeza kitufe cha alama hiyo bila kuachia, uchague iliyopinda.