Somo: Kununua pikipiki ndogo iliyotumika hapa Tanga, ya kujifunzia na kwendea kazini

Wanakikundi, hamjambo. Somo hili ni la mtu wa Pongwe au Mikanjuni anayekwenda mjini kila siku, hajawahi kumiliki pikipiki, na hela yake haifiki bei ya mpya dukani. Wengi wakifika kwa muuzaji huanza kusikiliza mlio wa injini. Mimi nasema injini isitangulie. Ringi na pistoni vinauzwa madukani na mafundi wapo. Kadi ya usajili isiyo ya muuzaji na chasisi iliyoliwa na kutu havina fundi.

Hatua ya 1: Kadi

Hapa tukae kidogo. Pikipiki nyingi zinazouzwa mtaani zimetoka kwenye bodaboda, na bodaboda nyingi ziko kwa mkataba: dereva anapeleka hela kwa tajiri kila siku, deni likiisha ndipo anakabidhiwa kadi. Akikwama katikati, anaweza kushawishika kuuza chombo ambacho bado si chake. Wengine kadi wameiweka rehani kwa mkopeshaji. Ukiambiwa "kadi ipo nyumbani, toa nusu kwanza", aga uondoke.

Ukishaishika kadi, linganisha jina na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Kisha chukua kitambaa, futa grisi kwenye shingo ya fremu chini ya usukani, usome namba ya chasisi tarakimu kwa tarakimu. Fanya hivyo hivyo kwa namba ya injini. Ukiona herufi zimekaa mshazari, au chuma kimepigwa msasa mahali pale pale tu, usinunue hata kwa bei ya kutupa. Halafu ingiza namba ya usajili, ile inayoanza na MC, kwenye mfumo wa Polisi wa Usalama Barabarani uone kama inadaiwa faini.

Hatua ya 2: Kutu

Sisi tunaishi na upepo wa bahari. Pikipiki iliyolala nje Raskazone au Sahare haiwi sawa na iliyokaa Muheza. Inayonitia wasiwasi zaidi ni ile iliyokuwa ikibeba matenga ya samaki kutoka Deep Sea: maji ya chumvi hudondoka chini ya siti na kwenye mkono unaoshika tairi la nyuma, yakakaa humo miaka. Fungua siti. Piga magoti uangalie kwa chini. Rangi ikiwa imevimba, ibonyeze kwa ncha ya bisibisi. Kutu ya juu inakwanguka na chuma kinabaki kigumu, ila bisibisi ikizama, hapo hakuna mjadala. Na rangi mpya inayong'aa juu ya boliti chakavu ina jambo inalificha, mara nyingi welding.

Hatua ya 3: Injini ikiwa ya baridi

Mwambie muuzaji mapema asiiwashe kabla hujafika, na ukifika iguse. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Piga kiki mwenyewe. Moshi wa bluu usiokatika maana yake inakula oili. Mweusi ni petroli nyingi, mara nyingi kabureta, na hilo ni dogo. Fungua kifuniko cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Hatua ya 4: Miguu na usukani

Isimamishe kwa stendi kubwa, inua tairi la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukikwama katikati, beringi zimekwisha. Vuta mnyororo kwa nyuma ya spoketi kubwa. Ukiinuka hadi meno yaonekane, andaa hela ya seti nzima. Shokapu zisivuje oili.

Hatua ya 5: Malipo

Nenda na fundi wako, asiwe wa muuzaji, aiendeshe kwa niaba yako. Mkiafikiana, andikeni mkataba wa mauziano wenye namba ya chasisi na ya injini, mbele ya wakili na mashahidi, kisha nendeni TRA mkabadilishe umiliki. Uwe na TIN.

Maswali ya wanakikundi

*Mwalimu, ninayejifunza nichukue Boxer 100 au ya Kichina ya cc 150?*

Chukua cc 100 au 125, ndugu yangu. Ni nyepesi, haikurupuki ukiachia klachi vibaya, na mafuta inakula kidogo. Boxer na TVS HLX vipuri vyake vimejaa. Za Kichina usizidharau: nyingi zimefuata injini ya Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, na kila fundi anaijua.

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfupi, naogopa itanielemea.*

Marahaba, mwanangu. Ikalie kabla hujauliza bei. Nyayo zako zifike chini, angalau nusu ya mbele ya kila mguu. Kisha shuka, uisukume hatua chache ikiwa imezimwa. Ukiona inakushinda kuisukuma, tafuta nyingine.

*Dashibodi inasoma kilomita chache sana. Niamini?*

Usiiamini peke yake, kaka. Tazama mpira wa kukanyagia, pedeli ya breki na ncha ya gia. Vikiwa vimelika mpaka chuma kinang'aa, imefanya kazi nyingi, hata namba ziseme nini.

*Muuzaji anasema umiliki tutabadilisha baadaye, yeye anasafiri.*

Basi na hela atapata baadaye, dada. Akishasafiri, ikipatikana na tatizo lolote, wewe ndiye utakayetafutwa huku kadi ikisoma jina lake.

*Nikishanunua, nianzie wapi kujifunza?*

Uwanja mtupu, asubuhi mapema, kofia ngumu kichwani na mtu mzoefu pembeni. Siku za kwanza usiguse gia ya pili. Achia klachi taratibu mpaka usikie inashika, ishikilie hapo hapo, pikipiki itembee yenyewe mwendo wa mtu, kisha simama kwa breki zote mbili. Rudia mpaka mkono ufanye bila kufikiri. Ukiweza kuzunguka umbo la nane bila kuteremsha mguu, chukua leseni ya kujifunza, ndipo uingie mitaa ya Ngamiani Jumapili asubuhi. Barabara ya kwenda Segera, yenye malori na mabasi, iache mpaka upate leseni kamili.