Jinsi ya kusoma sheria ndogo za fleti na esteti nchini Uganda

Kazi yangu ni kusimamia majengo ya fleti hapa Kampala. Karatasi ninayoletewa mara nyingi kuliko zote ni tangazo lililobandikwa langoni: marufuku kuanika nguo barazani, wageni mwisho saa nne usiku, asiyelipa servisi (mchango wa huduma za pamoja) atafungiwa maji. Anayelileta huwa anauliza swali moja tu: je, hii ni sheria, au ni maneno ya keateka, mtunza jengo? Jibu limo kwenye nyaraka zilizo nyuma ya tangazo hilo, na mtu yeyote anaweza kuzisoma akijua pa kuanzia.

Hatua ya 1: Jua unaishi chini ya umiliki wa aina gani

Usiruke hapa, maana ugomvi mwingi unazaliwa kwa watu kudhani kila jengo la ghorofa lina sheria ndogo, yaani kanuni za jengo lenyewe. Kuna hali tatu.

Ya kwanza ni kondominiamu. Jengo limegawanywa kwa Sheria ya Umiliki wa Kondominiamu ya mwaka 2001, na kila fleti ina hati yake. Ramani ya kondominiamu ikishasajiliwa kwa msajili wa hati, linazaliwa shirika la wamiliki: kila mwenye fleti anaingia humo, apende asipende, na bodi inachaguliwa kuliendesha. Hapa ndipo sheria ndogo zina meno, kwa sababu nguvu zake zinatoka katika sheria ya Bunge. Waliohamia kutoka Nairobi au Dar es Salaam watauona mpango huu ni wa kawaida. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2008, na Kenya ilitunga mpya mwaka 2020.

Ya pili ni jengo la mwenye nyumba mmoja, nanyi nyote ni wapangaji. Fleti nyingi za Kampala ni za namna hii, hata zikiwa na lifti na bwawa la kuogelea. Hapo hakuna shirika la wamiliki. Kinachokufunga ni mkataba wako wa kupanga pamoja na Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022. Kanuni iliyotundikwa ukutani baada ya wewe kusaini, na ambayo mkataba hauitaji popote, ni ombi mpaka uikubali.

Ya tatu ni esteti yenye geti, kila nyumba na kiwanja chake na hati yake, kama zilivyojaa Naalya, Kiwatule na Najjera. Huko utakuta chama cha wakazi. Chama kinamfunga aliyejiunga, au aliyesaini masharti hayo wakati wa kununua. Ukiwa mnunuzi, soma mkataba wa mauziano hadi viambatisho vya mwisho. Masharti ya esteti hupenda kukaa huko nyuma, ambako watu husaini bila kufungua.

Hatua ya 2: Pata karatasi zenyewe

Kwa kondominiamu unahitaji nne: hati ya fleti, ramani iliyosajiliwa, sheria ndogo, na mihtasari ya mikutano ya wamiliki. Hati na ramani zinapekuliwa katika ofisi ya ardhi ya kanda inayohusika, iwe Kampala, Wakiso, Mukono au kwingineko. Sheria ndogo na mihtasari iombe kwa katibu wa bodi, kwa barua, ubaki na nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Zitakuwa kwa Kiingereza cha kisheria. Kaa na mtu anayekisoma vizuri, mpitie kifungu kwa kifungu.

Mpangaji katika kondominiamu naye aombe nakala kwa mwenye fleti kabla ya kulipa kodi ya kwanza. Ukiahidiwa utaletewa baadaye, subiri na pesa zako.

Hatua ya 3: Ipe kila kanuni ngazi yake

Juu kabisa iko Katiba ya 1995. Zinafuata sheria za Bunge, kisha sheria ndogo za jengo, kisha maazimio ya mkutano na bodi, na chini kabisa tangazo la langoni. Ya chini haiwezi kuivunja ya juu. Chukua tangazo linalosema askari ataingia kila fleti kukagua nani kalala ndani. Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha ya makazi ya mtu, kwa hiyo tangazo hilo haliwezi kumpa askari ruhusa ya kukupekulia chumba. Lakini kumwandika mgeni kwenye daftari la getini ni jambo jingine. Geti ni eneo la pamoja, na bodi ina haki ya kulisimamia.

Vivyo hivyo, mwenye nyumba hawezi kuandika kwamba atamtoa mpangaji siku hiyohiyo kwa kupiga kelele. Sheria ya 2022 inataka amri ya mahakama kabla ya kumtoa mtu.

Hatua ya 4: Kisome kifungu kwa maswali manne

Nani anafungwa? Kinagusa sehemu gani? Ruhusa inatoka kwa nani? Ukikivunja, nini kinafuata?

Tuseme kifungu kinasomeka hivi: "Mmiliki hataweka wala kubadilisha kitu chochote kwenye ukuta wa nje bila idhini ya maandishi ya bodi." Nawe umenunua grili ya baraza, fundi anakuja kesho. Anayefungwa ni mmiliki, kwa hiyo kama wewe ni mpangaji, anayeomba idhini ni mwenye fleti. Sehemu ni ukuta wa nje. Hapo fungua ramani uone mpaka wa fleti yako unaishia wapi, kwa kuwa baraza unalolifagia kila siku linaweza kuwa ndani ya fleti huku ukuta wake wa nje ni mali ya wote. Ruhusa ni ya bodi, tena kwa maandishi. "Sawa tu" ya mwenyekiti mliyekutana kwenye ngazi haitoshi, na bodi ijayo haitaitambua. Swali la nne, kifungu kiko kimya. Basi anayekudai faini akuonyeshe kifungu kingine kinachoitaja. Asipokuwa nacho, bodi inaweza kudai grili iondolewe, lakini kiasi cha faini haiwezi kukibuni mezani.

Mwahirishe fundi. Barua ya idhini inaandikwa jioni moja.

Hatua ya 5: Fuata pesa

Katika kondominiamu kila fleti ina mgawo wake kwenye mali ya pamoja, na mchango hufuata mgawo huo. Kama askari, usafi, lifti na Yaka (umeme wa kulipia kabla) ya taa za nje vinagharimu shilingi 4,000,000 kwa mwezi, na mgawo wako ni 8 katika kila 100, unadaiwa 320,000. Jirani mwenye fleti kubwa analipa zaidi, na ndiyo haki. Wa ghorofa ya chini hulalamika kwamba lifti haimhusu. Ni mali yake pia, na mchango unabaki palepale isipokuwa sheria ndogo zimesema vingine.

Dai hesabu ya mwaka. Uliza kama kuna akiba ya paa, matangi na rangi, kwa sababu jengo lisilo na akiba hukusanya pesa kwa vurugu siku paa linapovuja.

Hatua ya 6: Ukipinga, pinga kwa utaratibu

Usiache kulipa kwa hasira. Deni litakuharibia hoja yako. Andikia bodi, taja kifungu kwa namba, eleza unataka nini na lini. Wasipojibu, tafuta wamiliki wenzako mwombe suala liingie kwenye ajenda ya mkutano, maana sheria ndogo hubadilishwa kwa azimio maalumu la wamiliki, na bodi peke yake haina uwezo huo. Kabla ya kupiga kura, soma ni wangapi wanaotakiwa kuwepo na wangapi kuunga mkono. Azimio zuri lililopitishwa na watu wachache mno linaangushwa na mtu mmoja mwenye wakili.

Kelele, maji machafu na ugomvi wa maegesho mara nyingi humalizika kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, bila gharama kubwa. Masuala ya hati, mipaka na madeni mazito mpelekee wakili, ukiwa na barua zako zote, zimepangwa kwa tarehe.