Kuuza mboga hotelini Unguja: mambo ya kujua kabla hujamwaga mbegu

Kila ikikaribia masika hunijia vijana wa hapa Bambi na vijiji vya jirani, wengine wamemaliza skuli juzi tu, wananiuliza: "Mama, hotelini tunaingia vipi?" Wamesikia kuwa watalii waliofika Zanzibar mwaka 2024 walizidi laki saba, basi wanapiga hesabu ya saladi na tungule (nyanya) kwa vichwa vyote hivyo. Hesabu yenyewe si mbaya. Tatizo ni kwamba hoteli hainunui kwako kwa kuwa shamba lako liko karibu, na wala haijali kuwa wewe ni mwananchi. Mie hupeleka mboga kwenye hoteli za Paje, Jambiani na Kiwengwa, pwani ya mashariki, na haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza mjue unayeshindana naye. Nenda bandarini Malindi mzigo wa Bara unapoteremshwa. Utaona mapolo ya vitunguu na viazi mbatata, karoti, makabichi, matenga ya tungule kutoka Lushoto, Iringa, Arusha. Kule kuna milima na baridi, na huku kwetu hakuna. Kwa viazi na karoti usijisumbue, utavunja mgongo na bei yao hutaifikia. Shindana kwa vitu vinavyonyauka njiani: mrihani, nanaa, kotmiri, saladi, mchicha mchanga, pesheni zilizoiva mtini, mapapai laini. Mrihani uliosafiri usiku kucha kwenye gari, kisha ukavuka bahari, hufika majani yameshapiga weusi. Wako umeukata saa kumi na moja alfajiri, saa mbili uko jikoni. Hapo shefu hatakuuliza kwa nini bei yako iko juu kidogo.

Kuna na faida ya pili ambayo vijana hawaioni: majani kama nanaa huyakati mpaka oda ije, hivyo huhitaji chumba cha baridi. Umeme wa Unguja hutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Waliokuwapo wanaukumbuka ule mwezi wa 2008, na ile miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kiza. Tangu hapo waya mpya umelazwa na mambo yamekuwa afadhali, lakini mkulima mdogo hana chumba cha baridi hata siku umeme upo. Lima kitu unachoweza kukiacha shambani mpaka oda ije. Nanaa hungoja, tungule iliyoiva haingoji.

Kalenda

Wageni hujaa kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba, kisha tena kuanzia wiki ya Krismasi hadi Februari. Aprili na Mei mvua ikikaza, hoteli nyingine hufunga kabisa, na wafanyakazi hurudishwa makwao bila mshahara. Kwa hiyo hesabu kinyumenyume. Tungule hukaa kitaluni wiki nne, na shambani kama miezi miwili na nusu. Ukitaka kuvuna mwanzo wa Julai, mbegu iwe kitaluni katikati ya Machi, na miche uihamishe katikati ya masika yenyewe. Ndipo ukungu unapoyala majani. Ndiyo maana wengi hungoja mvua iishe, wakavuna Agosti na Septemba, wote pamoja, bei ikaanguka, wakasema hoteli zinadhulumu. Anayeweza kuezeka banda la naironi, hata dogo la miti, na kupandisha matuta juu, huyo ndiye anayeuza Julai.

Saladi ni mwezi mmoja na nusu, tango siku hamsini hivi. Saladi usipande shamba zima siku moja. Panda tuta moja kila wiki, kwa sababu jikoni wanataka vichwa vilevile kila Jumatatu. Jua la kaskazi huifanya iwe chungu, itie kivuli cha makuti.

Juu ya kalenda ya wageni iko kalenda yetu. Ramadhani hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka, na miaka hii imeingia kwenye miezi ya mwanzo wa mwaka, wageni bado wapo. Utaambiwa uichague hoteli. Mie husema hapana: mwezi huo soko la Mwanakwerekwe, kule mjini, wananunua muhogo, magimbi, ndizi mbichi na tungule kwa pesa mkononi, alasiri hiyohiyo. Hoteli itakulipa baada ya Idi, pengine Idi ya pili. Mpelekee shefu mrihani wake usimpoteze, mzigo mwingine peleka sokoni.

Halafu mwaka wa uchaguzi. Uchaguzi wetu huangukia mwisho wa Oktoba, msimu mmoja umeisha na ule wa Krismasi unatayarishwa. Oktoba 2015 matokeo yalifutwa, tukapiga kura upya Machi 2016, na miezi yote ile katikati kila mtu alikuwa akingoja, mgeni na mwenyeji. Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na oda zetu sisi huja kwa WhatsApp. Nilikaa na saladi shambani, nikawagawia majirani. Simwambii mtu ampigie nani kura. Ninachosema ni hiki: mwaka wa uchaguzi, Agosti na Septemba, punguza eneo la mboga za hoteli kwa nusu, nusu nyingine tia muhogo au viazi vitamu, na namba za simu za wanunuzi wako ziandike kwenye daftari la karatasi.

Pesa zako zitakaa wapi

Hapa ndipo wengi wanapofia, basi nitakaa kidogo.

Hoteli kubwa, hasa hizi ambazo mgeni amelipia kila kitu kwao kabla hajapanda ndege, hazilipi mlangoni. Unateremsha mzigo, karani wa stoo anapima, unapeleka ankara, unalipwa baada ya siku thelathini, arubaini na tano, nyingine sitini. Tuseme unapeleka kilo mia mbili kwa wiki kwa shilingi 2,000 kilo. Hiyo ni laki nne. Ukilipwa baada ya wiki sita, wakati huo unawadai milioni mbili na laki nne, na hujaona hata shilingi. Mbolea, dawa, kibarua na gari vinataka pesa Jumamosi hii. Sasa unaelewa kwa nini mikataba wanayo wasambazaji wa mjini. Wao hawalimi hata bamia, lakini wanaweza kungoja. Watu hao hukujia shambani na pesa taslimu, wakanunua kwa nusu ya bei, wakaipelekea hoteli hiyohiyo. Wezi siwaiti, wameuza subira yao. Lakini hapo ndipo pesa za utalii zinapotupita.

Njia yangu ni hii. Anza na nyumba za wageni ndogo za Paje na Jambiani, zenye vyumba vinane au kumi, mwenyewe yupo na anafungua pochi palepale. Watakununulia kidogo, lakini utajifunza wanavyotaka: tungule za ukubwa mmoja, saladi iliyooshwa, kreti safi, na saa iliyotajwa ni saa. Msimu wa kwanza usiguse hoteli kubwa. Wa pili jiungeni wakulima wanane au kumi, muwe na ankara moja na akaunti moja ya benki, na muweke akiba ya kuwalipa wanachama wakati hoteli haijalipa. Akiba hiyo ndiyo ushirika wenyewe, mengine ni vikao na chai. Upo Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi unaosimamia mikopo ya vikundi, kaulizeni, lakini mkopo wa kulipa kila mwezi na mnunuzi wa kulipa kila miezi miwili havipatani. Ombeni muda kabla ya kuanza kulipa, au msichukue.

Karatasi utakazoulizwa: barua ya sheha (kiongozi wa eneo lenu), namba ya mlipakodi, leseni ya biashara, akaunti kwa jina la kikundi. Kwa kodi usishangae ukipelekwa ofisi mbili, maana ziko zinazosimamiwa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar na ziko za TRA, mamlaka ya kodi ya Muungano. Ndivyo Muungano ulivyo. Nenda asubuhi.

Na mzigo upimwe mbele yako. Njoo na mizani yako, hata ya kuning'iniza. Hati ya kupokelea isainiwe siku ileile, na mboga walizozikataa urudi nazo nyumbani. Usikubali "iache tu, tutaona."

Watu wa pale getini

Getini utamkuta askari, mara nyingi kijana wa kijiji kilekile. Ndani, mtu wa manunuzi na shefu huenda ni watu wa Bara, Wakenya au Wataliano. Vijana wetu huninung'unikia hilo, na nawaelewa, kwa sababu baba zao walivua pwani ileile na sasa wanaulizwa wanakwenda wapi. Lakini biashara yako hutaifanya na askari. Jifunze majina ya mboga kwa Kiingereza na Kitaliano, yatoshe kusoma orodha ya jikoni. Mwombe shefu orodha ya wiki, usingoje oda ya siku. Akibadilishwa, na hubadilishwa sana, kamsalimie mpya kabla hujampelekea mzigo.

Binti yangu ndiye anayepeleka siku hizi. Yalisemwa maneno hapa kijijini: pale kuna ulevi, kuna watu nusu uchi, mtoto wa kike anafuata nini? Nilijibu kuwa anafuata saini kwenye hati. Anavaa baibui lake, anaingia mlango wa nyuma, anatoka. Mzee anayeona uzito na amtume mtoto wa kiume, mradi ajue kusoma. Ulevi wenyewe una mkono wake katika biashara hii, tupende tusipende. Mwanzoni mwa 2024 pombe iliadimika Zanzibar baada ya vibali vya waagizaji kubadilishwa, na hoteli zikahangaika. Jiko la hoteli yenye wasiwasi hupunguza oda, hata za nanaa.

Usiitegemee peke yake

Babu yangu alipewa eka tatu baada ya Mapinduzi, kama wengi. Zama hizo kisiwa kilikula kwa karafuu, na mnunuzi alikuwa mmoja, Serikali. Indonesia ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake, bei ikaporomoka katika miaka ya 1980, na nchi ikageukia wageni. Machi 2020 ndege zilipoacha kuja tukaona jambo lilelile kwa sura nyingine. Watalii walizidi laki tano mwaka 2019, na 2020 hawakufika laki tatu. Waliopanda saladi tupu walilisha mbuzi. Kwa hiyo kwenye shamba langu hoteli ina nusu, haizidi. Nusu ya pili ni muhogo, ndizi na tungule za sokoni, na kuku kidogo.

La mwisho ni ardhi, kwa wale wenye viwanja upande wa pwani. Ukianza kujulikana hotelini, atakuja mtu mwenye maneno mazuri kukuuliza kiwanja cha babu yako. Ardhi Zanzibar ni ya Serikali, wewe una haki ya kuitumia, na mgeni hukodi kwa Serikali kwa miaka mingi. Kwa hiyo karatasi anayokutaka utie saini uvunguni mwa mnazi haina mwisho mwema kwa mmoja wenu. Mwambie mwende kwa sheha, kisha Kamisheni ya Ardhi. Akisema hana muda, mpe kikombe cha chai na umsindikize barabarani.