Namna ya kupanga hesabu za duka la vifaa vya ujenzi kwa simu na Google Sheets

Wenye maduka huniuliza wanunue programu gani ya mauzo. Huwajibu: bado, usinunue kitu. Duka lisiloandika mauzo kwenye daftari halitaanza kuyaandika kwa sababu limelipia programu. Anza na simu janja moja na Google Sheets, programu ya Google ya majedwali ya hesabu, ambayo ni ya bure, mpaka kuandika kuwe mazoea. Hapa nafuata duka la mtaani, kama yale ya Mbagala au Chanika yanayochukua mzigo Kariakoo, kwa kuwa ndiyo maduka ninayoyapangia hesabu.

Hatua ya 1: Chagua swali moja

Unataka kujua nini ambacho leo hukijui? Kwa maduka mengi ya vifaa ni hili: mali iliyopo rafuni inalingana na pesa iliyoingia? Ukianza na maswali matano utatengeneza jedwali lenye safu thelathini, na muuzaji ataliacha ndani ya wiki moja.

Hatua ya 2: Hesabu mali, kila kitu kwa kipimo kimoja

Usiiharakishe hatua hii. Vifaa vya ujenzi hununuliwa kwa kipimo kimoja na kuuzwa kwa kingine. Misumari inakuja kwa boksi, inatoka kwa kilo, mara nyingine robo kilo. Waya wa umeme unakuja kwa roli, unatoka kwa mita. Ukiandika "boksi 1" upande wa manunuzi na "2" upande wa mauzo, hakuna fomula duniani itakayokupa jibu sahihi.

Kanuni ninayoitumia: kipimo cha bidhaa ni kile kidogo unachouzia. Misumari yote ni kilo, kwa hiyo boksi lipime kwenye mizani kwanza kisha andika kilo zake. Waya ni mita. Saruji ni mfuko wa kilo 50, nondo ni kipande. Rangi ya lita 4 na ndoo ya lita 20 ni bidhaa mbili tofauti hata kama rangi ni ileile, maana hufungui ndoo ukamuuzia mtu nusu.

Kila bidhaa ipe msimbo mfupi unaosomeka: NON12 kwa nondo ya milimita 12, MIS4 kwa misumari ya inchi 4. Hesabuni watu wawili, mmoja anahesabu na mwingine anaandika, duka likiwa limefungwa.

Hatua ya 3: Tengeneza karatasi tatu

Kazi hii ifanyie kwenye kompyuta, ni rahisi zaidi. Ndani ya faili moja fungua karatasi tatu.

*Bidhaa*: A msimbo, B jina, C kipimo, D mali ya mwanzo, E bei ya kununulia, F bei ya kuuzia, G kiwango cha chini, H salio (mali iliyobaki).

*Manunuzi*: A tarehe, B msimbo, C kiasi, D bei, E taslimu au mali kauli (mzigo wa kulipia baadaye).

*Mauzo*: A tarehe, B msimbo, C kiasi, D bei, E njia ya malipo, F muuzaji.

Kwenye kisanduku H2 cha Bidhaa weka fomula hii, kisha ivute mpaka chini:

=D2+SUMIF(Manunuzi!B:B,A2,Manunuzi!C:C)-SUMIF(Mauzo!B:B,A2,Mauzo!C:C)

Salio halibadilishwi kwa mkono kamwe. Hili nalisisitiza kuliko yote. Muuzaji akikosea, asifute mstari. Aandike mstari mpya wenye kiasi cha kutoa, mfano -2. Saruji ikiganda kwa unyevu, iandikwe kwenye Mauzo kwa bei sifuri na njia ya malipo "hasara". Hivyo kila kilichoondoka dukani kinabaki na maelezo yake. Funga karatasi ya Bidhaa ili wewe peke yako uweze kuihariri, na safu ya msimbo kwenye Mauzo iwekee orodha ya kuchagua, ili asitokee mtu wa kuandika "nondo12" leo na "NON 12" kesho.

Faili liruhusu lifunguke bila intaneti kwenye simu ya kaunta. Mtandao ukikatika, mauzo yanaendelea kuandikwa.

Hatua ya 4: Tenga pesa ya simu ya duka

Chukua lipa namba (namba ya kupokea malipo ya wateja kwa simu) kwa jina la biashara, isichanganyike na namba yako binafsi. Jioni, jumla ya miamala ya siku ilingane na jumla ya Mauzo (kiasi mara bei) ambayo safu E imeandikwa "simu". Fanya vivyo hivyo kwa taslimu. Tofauti itafutwe jioni hiyohiyo, wakati muuzaji bado anakumbuka nani alinunua nini.

Muuzaji asikubali meseji anayoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Mzigo utoke baada ya malipo kuonekana upande wa duka. Na risiti ya EFD, mashine ya risiti za kodi, inabaki palepale. Jedwali lako haliichukulii nafasi mbele ya TRA, mamlaka ya mapato.

Hatua ya 5: Weka kiwango cha chini

Sasa jedwali linaanza kukulipa. Chukua wastani wa mauzo ya siku, zidisha kwa siku ambazo mzigo unachukua kufika, ongeza akiba. Tuseme unauza saruji mifuko 12 kwa siku na mzigo unafika baada ya siku 3: 12 × 3 ni 36, ongeza akiba ya 14, unapata 50. Andika 50 kwenye safu G, kisha weka sharti la rangi (Conditional formatting): H ikishuka chini ya G, kisanduku kiwe chekundu. Unaagiza kabla fundi hajakwenda duka la pili.

Tazama pia bidhaa ambazo hazijaonekana kwenye Mauzo kwa miezi mitatu. Hiyo ni pesa yako iliyolala rafuni.

Hatua ya 6: Linda faili

Kila muuzaji awe na akaunti yake, na akiacha kazi ruhusa yake iondolewe siku hiyo. Washa uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri pamoja na uthibitisho kwenye simu). Kila mwisho wa mwezi pakua nakala uiweke pengine. Kama unaandika majina na namba za wanaodaiwa, ziwe kwenye faili tofauti usilolishiriki na kila mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na daftari la madeni la kidijitali nalo lina taarifa za watu.

Hatua ya 7: Programu ya kulipia, sasa inaweza kuja

Ukifungua tawi la pili, au foleni ya kaunta ikizidi kasi ya kuandika kwenye simu, tafuta programu ya mauzo. Muulize muuzaji wake mambo manne: inafanya kazi bila intaneti? Inakubali kununua kwa boksi na kuuza kwa kilo? Gharama ya mwezi ni ya duka zima au ya kila mtumiaji? Nikiacha kulipa, naweza kupakua data zangu zote kama lahajedwali? Akisitasita kwenye swali la nne, tafuta mwingine.