Kuchagua na Kufunga Fyuzi ya Polima Kwenye Taa ya Betri

Taa ya volti 12, kama zile ambazo wavuvi wa omena huziwasha ziwani usiku wanapotoka fuo za Kisumu, hukaa kwenye maji na nyaya zake huvutwa huku na huku, kwa hiyo shoti si jambo la ajabu. Fyuzi ya kawaida ikiungua, mvuvi asiye na ya akiba hufunga kipande cha waya wa shaba mahali pake, na kuanzia hapo taa haina ulinzi wowote. Fyuzi ya polima huondoa kishawishi hicho, kwa sababu hujirudisha yenyewe.

Kwa hakika kifaa hiki ni rezista, yaani kifaa kinachokinza mkondo wa umeme. Ndani yake mna poliethilini iliyochanganywa na chembechembe za kaboni, ambazo hugusana na kupitisha umeme kwa ukinzani mdogo mno. Mkondo ukizidi, kifaa hupata joto hadi, kwa kawaida, karibu nyuzi 125 za Selsiasi. Polima huyeyuka kwa ndani na kuvimba, chembe za kaboni huachana, na ukinzani hupanda maelfu ya mara. Mkondo mdogo unaoendelea kupenya hulifanya joto hilo lisishuke, hivyo kifaa hakirudi katika hali yake mpaka umeme uzimwe nacho kipoe.

Kazi yenyewe iko kwenye kuchagua. Karatasi ya vipimo huonyesha mkondo ambao kifaa hubeba bila kukata, na mkondo unaokifanya kikate, ambao kwa kawaida ni mara mbili ya ule wa kwanza. Mafundi wengi husoma namba hizo na kusahau kwamba zimepimwa kwenye nyuzi 20 hivi, ilhali kisanduku cha taa kilichofungwa na kuanikwa juani hapa Kisumu kinaweza kufika nyuzi 60, ambapo uwezo wa kubeba hushuka hadi karibu thuluthi mbili. Taa ya wati 10 kwa volti 12 huvuta ampea 0.83, ukigawanya kwa 0.66 unapata takriban 1.26, hivyo chagua kifaa cha ampea 1.35. Ukiweka cha ampea 0.9 kwa kuwa hesabu ya haraka imekubali, taa inaweza kujizima bila shoti yoyote, na mteja atakurudishia akilalamika, tena kwa haki.

Angalia pia volti ya juu kabisa inayoruhusiwa. Betri ya asidi inapochajiwa hupita volti 14, kwa hiyo kifaa cha volti 30 au 60 kinafaa kuliko cha volti 16. Vingi vya aina hii huvumilia shoti ya ampea 40 au 100 tu, ilhali betri kubwa inaweza kutoa mamia. Kwa sababu hiyo fyuzi ya kawaida karibu na betri haiondolewi, na cha polima hukaa upande wa taa.

Kukifunga ni rahisi. Kata waya wa chanya uuunganishe kupitia kifaa, ambacho hakina upande wa chanya wala hasi, kisha lehemu kwa haraka ukiacha miguu yake na urefu kidogo. Usikizamishe kwenye gundi wala silikoni ngumu, kwani polima isipopata nafasi ya kuvimba haitakata inavyostahili.

Pima ukinzani kabla ya kukijaribu. Kifaa kizima cha ukubwa huu huonyesha sehemu ndogo tu ya omu moja. Tumia chanzo cha umeme kilichowekewa kikomo cha ampea 5, fanya shoti upande wa taa, na usubiri sekunde kadhaa hadi mkondo uanguke. Usikiguse wakati huo, kwa maana kinachoma. Kikishapoa, ukinzani utakuwa umepanda kidogo kuliko mwanzo, na hiyo si dalili ya ubovu.

Vifaa hivi vya volti ndogo visitumiwe kwenye umeme wa nyumbani wa volti 240. Hata pale kwenye betri, kifaa kilichokata bado hupitisha mkondo kidogo, kwa hiyo chomoa betri kabla ya kuanza kutafuta palipo na shoti.