Takomita ya kufunga mwenyewe haisomi au inaruka: ufuate waya upi kwanza

Takomita ni saa inayoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika (RPM). Nyingi za kununua huja na nyaya nne tu: moto (umeme wa chanya), ethi (hasi, inayofungwa kwenye bodi ya gari), taa na signali (inayoleta mapigo ya injini). Mara nyingi nyekundu ni moto, nyeusi ethi, nyeupe taa, kijani signali, ila soma karatasi ya saa yako kwanza maana si kila mtengenezaji anafuata rangi hizo. Wengi huchanganyikiwa kwa kukagua nyaya zote kwa mpigo, mwishowe wanairudisha saa nzima dukani. Uangalie kwanza mshale unafanya nini.

Hatua ya 1: Moto
Mshale umelala kabisa na hata taa ya saa haiwaki? Weka swichi ya funguo ON bila kuwasha injini. Multimita iwe DC, mguso mmoja kwenye waya mwekundu wa saa, mwingine kwenye nguzo hasi ya betri. Unatafuta volti 12 hivi. Hakuna kitu? Kagua fyuzi. Kama moto upo hata funguo ukiwa mfukoni, umechukua laini isiyozimika na saa itakuwa inakula betri usiku kucha.

Hatua ya 2: Ethi
Hapa ndipo penye matatizo mengi, na ndipo watu wanaparuka. "Ethi nimeshafunga." Sawa, umefunga kwenye nini?

Mimi niliwahi kufunga ya kwangu kwenye boliti iliyokuwa karibu chini ya dashibodi. Mchana saa ilisoma vizuri. Usiku, nikiwasha taa tu, mshale unapanda kama RPM 500 na injini haijabadilika mlio. Nilibadilisha waya wa signali mara mbili bure. Nilipofungua ile boliti nikakuta rangi ya kiwandani imekaa chini ya washa (ile pete ya boliti), chuma hakigusani na chuma isipokuwa kwenye meno ya boliti. Nikakwangua kwa kisu mpaka bati likang'aa, nikakaza. Ikatulia.

Pima hivi: injini inaunguruma, taa zimewashwa, mguso mmoja kwenye waya mweusi wa saa, mwingine nguzo hasi ya betri. Iwe karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2, hiyo ethi si ethi.

Hatua ya 3: Signali
Gari lenye distribyuta (inayogawa cheche kwa plagi) na koili moja (inayozalisha umeme wa cheche): waya unaenda nguzo hasi ya koili. Usipime pale kwa multimita ya kawaida injini ikizunguka, wala usishike kwa mkono. Koili inapokata hutupa mamia ya volti upande huo. Tumia taa ya kupimia: klipu kwenye chanya ya betri, ncha kwenye hasi ya koili, mtu apige stata. Ikipepesa, signali ipo.

Kama gari lina boksi la CDI (boksi la kielektroniki linaloilisha koili umeme wa volti nyingi), achana na koili kabisa. Mara nyingi boksi lina sehemu yake ya takomita.

Hatua ya 4: Idadi ya silinda
Nyuma ya saa nyingi kuna swichi ya 4, 6 au 8. Injini ya silinda nne hutoa mapigo mawili kila mzunguko, sita matatu, nane manne. Ukikosea swichi, saa inasoma vizuri kabisa, ila uongo.

Maswali ya wanachama

*Fundi, injini yangu ni silinda nne, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inasikika kawaida lakini saa inasema 400. Swichi iko kwenye 4.*

Gari lako lina koili ngapi, mkuu? Kama ni mbili, kila moja ikichoma plagi mbili, koili moja hupiga mara moja tu kwa mzunguko, ndiyo maana unapata nusu. Weka swichi kwenye 2 kama ipo. Kama kila plagi ina koili yake, ungepata robo. Kwenye gari la namna hiyo ni bora kutafuta waya wa takomita unaotoka kontroli boksi (kompyuta ya injini).

*Langu ni dizeli, halina koili. Nifanyeje?*

Angalia nyuma ya alteneta kama kuna tundu lenye herufi W. Signali inatoka pale, lakini nunua takomita inayoweza kurekebishwa kwa alteneta. Ya petroli itakudanganya.

*Mshale unatulia chini, ukifika 4000 unacheza kama una homa.*

Huenda waya wa signali umepita sambamba na waya za plagi. Uhamishe mbali; kama lazima zikutane, zivuke kwa kukatiza, zisilale pamoja.

*Tangu nifunge saa gari limegoma kuwaka. Plagi hazitoi cheche hata kidogo.*

Chomoa waya wa kijani kwenye koili, ujaribu tena. Likiwaka, huo waya umepiga shoti kwenye bodi, au saa yenyewe imeungua ndani. Hasi ya koili ikibaki imeshikwa na bodi, cheche haitoki. Na usiache swichi ON muda mrefu ukiwa katika hali hiyo, koili itachemka.

*Limewaka, kaka. Waya ulikuwa umechunika pale unapotoboa bati kuingia ndani, sikuweka mpira.*

Weka mpira kwenye hilo tundu kabla hujarudisha waya. Tepu peke yake itakatika tena.